Dernburg: mwenye benki aliyekabidhiwa koloni baada ya Maji Maji

Swali limetoka kwa mwalimu wa historia wa sekondari mkoani Ruvuma: "Shikamoo mtaalamu. Wanafunzi wangu wamesikia kwamba baada ya Vita vya Maji Maji serikali ya Ujerumani ilimteua waziri mpya wa makoloni, mwenye benki, Myahudi, na kwamba ndiye aliyepunguza viboko na kutuletea reli. Ni nani hasa? Ni kweli alikuwa Myahudi? Tumhesabu kuwa mtetezi wetu? Na mwisho wake ulikuwaje? Wengine wanasema aliuawa na Hitler."

Marahaba, mwalimu. Mtu huyo ni Bernhard Dernburg. Nimefurahi umeuliza, kwa sababu mara nyingi anatajwa kwa sentensi moja tu, "marekebisho ya Dernburg", kisha msomaji anavushwa hadi Vita Kuu ya Kwanza. Msimamo wangu nautoa mapema ili usiutafute: Dernburg alibadilisha utawala kwa sababu vita vya babu zetu viliifanya njia ya zamani iwe ghali mno, naye alikuwa mtu wa kwanza pale Berlin aliyejua kuisoma hesabu hiyo. Sifa ya mabadiliko yale naipeleka kwanza kwa waliokufa Umatumbi, Ungindo na Ungoni. Ndipo nafika kwake.

Tuanze na nasaba. Alizaliwa Darmstadt tarehe 17 Julai 1865. Babu yake mzaa baba, Jakob Heinrich Dernburg, alikuwa mwanasheria aliyezaliwa Myahudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1840 alibatizwa, na baadaye akawa profesa wa sheria Gießen. Baba yake, Friedrich, alikuwa mhariri wa gazeti la National-Zeitung la Berlin na mbunge wa chama cha Waliberali wa Taifa. Baba yake mkubwa, Heinrich, alisomesha sheria ya Kirumi Berlin na jina lake lilikuwa likitajwa mahakamani kama la mufti. Mama yake Bernhard alikuwa binti wa mchungaji wa Kilutheri. Basi kwa dini Dernburg hakuwa Myahudi hata siku moja. Alilelewa Mkristo na akabaki Mkristo.

Kwa macho ya Wajerumani wa siku zile, hata hivyo, ubatizo haukufuta asili. Kwa karne nyingi Wayahudi wa Ulaya walinyimwa ardhi na kufungiwa nje ya vyama vya mafundi. Waliyoachiwa ni biashara na ukopeshaji wa fedha. Ndiyo maana karne ya 19 unazikuta familia kama Bleichröder wa Berlin, aliyeshika fedha za Bismarck, na Warburg wa Hamburg. Sheria ya 1871 iliwapa haki sawa na raia wengine, lakini uafisa wa jeshi na vyeo vya juu vya serikali vilibaki vigumu kuvifikia kwa Myahudi asiyebatizwa. Aliyebatizwa alipita mlangoni, kisha ndani akanong'onwa. Siku Dernburg alipowaudhi walowezi na wakuu wa kihafidhina, walikumbuka haraka babu yake alikuwa nani.

Kazi ya benki aliianza kama mwanagenzi katika Berliner Handels-Gesellschaft, akaenda New York kujifunza zaidi, kisha akarudi Berlin na kuingia Deutsche Bank. Mwaka 1890 benki hiyo na washirika wake walianzisha kampuni ya amana, Deutsche Treuhand-Gesellschaft. Wajerumani wengi walikuwa wamenunua hati za mikopo za kampuni za reli za Marekani, na baadhi ya reli hizo zilikuwa zikifilisika. Ilihitajika mtu wa kusimamia haki za waliokopesha. Dernburg akawa mkurugenzi wake. Hapo ndipo alipojenga jina. Kampuni inayozama inaletwa mezani kwake, anafungua madaftari yote, anatenga madeni yanayolipika na yasiyolipika, anawalazimisha wenye hisa wakubali hasara yao, anatafuta mtaji mpya, anafukuza mameneja wazembe. Mwaka 1901, Ujerumani ikiwa katika msukosuko wa mabenki ya rehani, alichukuliwa kuwa mkurugenzi katika Bank für Handel und Industrie, ambayo watu waliiita kwa kifupi Benki ya Darmstadt.

Mwalimu, ishike vizuri tabia hiyo ya kazi, maana alipokabidhiwa makoloni aliyashughulikia vilevile, kama kampuni iliyofilisika.

Na yalikuwa yamefilisika kweli. Kusini Magharibi, yaani Namibia ya leo, Jenerali von Trotha alikuwa ametoa amri yake ya kuwaangamiza Waherero Oktoba 1904, na Wanama walikuwa bado wanapigana. Huku kwetu, Julai 1905, watu wa Nandete katika vilima vya Umatumbi waling'oa pamba ya shamba la serikali, na moto ukaenea hadi kwenu Songea. Wewe unaishi karibu na kaburi la halaiki la walionyongwa kwa sheria ya kijeshi Februari 1906, sina haja ya kukusimulia. Gavana von Götzen alivunja vita kwa njaa: vijiji vilichomwa, maghala yakateketezwa, mashamba yakaharibiwa. Wajerumani wenyewe walikiri vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyewahoji wazee wa Umatumbi na Ungindo, alikadiria 250,000 hadi 300,000.

Berlin wakati huo iligubikwa na kashfa. Matthias Erzberger, mbunge kijana wa chama cha Kikatoliki cha Zentrum, alikuwa akianika bungeni mikataba ya kinyonyaji: kampuni ya Tippelskirch iliyouza vifaa vya jeshi kwa bei ya kuruka, na kampuni ya meli ya Woermann iliyojipatia faida kubwa kwa kubeba askari. Septemba 1906 Kansela Bülow akafanya jambo lisilotarajiwa. Badala ya kabaila au mwanajeshi, alimtoa mkurugenzi wa benki ofisini kwake na kumkabidhi Idara ya Makoloni. Desemba 13 Bunge lilikataa fedha za nyongeza za vita vya Kusini Magharibi kwa tofauti ya kura chache, na Bülow akalivunja. Uchaguzi wa Januari 1907 Wajerumani waliuita kwa jina la dharau walilowapa Wanama, "uchaguzi wa Wahottentoti". Dernburg alizunguka akihutubia wafanyabiashara na wasomi, akiwaonyesha tarakimu za pamba, mpira, shaba na reli. Wapinzani walisema anauza makoloni kama mtu anayeuza hisa, na kwa kweli ndivyo alivyofanya. Wasoshalisti walishuka kutoka viti 81 hadi 43. Mei 1907 idara yake ikapandishwa kuwa wizara kamili, naye akawa Katibu wa Dola wa kwanza wa Makoloni.

Katika hotuba zake alirudia wazo moja: zamani ukoloni uliendeshwa kwa njia za kuharibu, sasa uendeshwe kwa njia za kuhifadhi, nazo ni daktari, mmisionari, reli na mashine. Alisema pia kwamba mwenyeji ndiye rasilimali kuu ya koloni. Wanafunzi wako waisome kauli hiyo polepole. Mtu anayekuita rasilimali hatakuua ovyo, kwa sababu kukuua ni hasara. Lakini ameshakuandika upande wa mali zake.

Katikati ya mwaka huohuo 1907 akaja mwenyewe Afrika Mashariki, jambo ambalo hakuna mkuu wa makoloni wa Ujerumani aliyelifanya kabla yake. Aliandamana na Walther Rathenau, mtoto wa mwanzilishi wa kampuni ya umeme ya AEG, naye mwenye benki na naye wa familia ya Kiyahudi. Walitembelea pwani na kuingia bara. Gavana mpya, Albrecht von Rechenberg, alikuwa ameshika kazi tangu 1906. Huyu alikuwa amewahi kuwa hakimu hapa na konseli Zanzibar, na Kiswahili alikizungumza vizuri. Nadhani historia imemnyima nafasi yake: mengi yanayoitwa ya Dernburg yalitoka kichwani mwa Rechenberg, na Dernburg akayapa nguvu ya Berlin.

Dernburg aliporudi, Februari 1908, aliwaeleza wajumbe wa kamati ya bajeti ya Bunge alichokiona. Alisema inachukiza kuona jinsi Wazungu wengi walivyokuwa wakitembea na viboko mkononi. Hata pale Dar es Salaam, juu ya meza ya ofisi kuu ya fedha ya serikali, alikikuta kiboko. Hebu ifikirie picha hiyo, mwalimu. Kwa mtu aliyezeeka kwenye mabenki, meza ya fedha ni mahali pa daftari, kalamu na muhuri. Karani anayehitaji mjeledi ili alipe au apokee rupia alikuwa ushahidi kwamba ofisi nzima imeoza. Kuhusu wenye mashamba makubwa, alisema wanapigana na kila mtu: naye waziri, na serikali, na maofisa wa wilaya, na hatimaye na wenyeji.

Hapo ndipo palipo kiini cha ugomvi wake. Walowezi wa Usambara na Kilimanjaro walitaka nchi ya Wazungu: ardhi, nguvukazi ya lazima kwa mshahara mdogo, na serikali ya kuwasukumia watu mashambani. Rechenberg na Dernburg walipiga hesabu tofauti. Mkulima Mwafrika akilima zao la kuuza kwenye shamba lake mwenyewe, analipa kodi, ananunua nguo na majembe, mizigo yake inaijaza reli, na wala haanzishi vita. Ushahidi ulikuwa kanda ya ziwa. Reli ya Uganda ilikuwa imefika Kisumu mwishoni mwa 1901, na biashara ya Mwanza na Bukoba ilikuwa ikiteremkia Mombasa kwa Waingereza. Wahaya wakiuza kahawa, Wasukuma wakiuza karanga, na baadaye pamba, bila mlowezi kusimama juu yao. Pamba ileile iliyowasha vita Umatumbi ilipolimwa kwa amri ya akida na malipo ya aibu, Usukumani ilikubalika pale mkulima alipoachiwa kuipanga mwenyewe.

Kwa hiyo, reli. Ya Kati ilikuwa imeanza kujengwa 1905, kabla yake, ikafika Morogoro mwishoni mwa 1907. Mei 1908 Bunge liliidhinisha mpango mkubwa wa reli za makoloni aliouwasilisha Dernburg, na Reli ya Kati ikaendelea: Tabora 1912, Kigoma Februari 1914. Ujenzi ulifanywa na kampuni ya Philipp Holzmann, na nyuma yake zilikuwapo fedha za kundi la mabenki lililoongozwa na Deutsche Bank, mwajiri wake wa zamani. Aliufahamu mlango huo na akaubisha. Watu walioichimba na kuibeba reli ile walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma na wengineo kwa maelfu, na kazi yao ndiyo ingali chini ya treni za leo zinazopita Morogoro na Tabora kwenye njia ya zamani.

Tukija kwenye viboko, Julai 1907 ilitoka amri ya kubana adhabu hiyo na kudai kumbukumbu zilizo sahihi. Kumbuka kikomo cha viboko 25 kwa mara moja, ile "hamsa waishirini" ya wazee wetu, kilikuwa kimewekwa tangu 1896. Mwaka 1909 ikatoka sheria ya kazi: mikataba ya maandishi, kikomo cha muda wake, na makamishna wa kukagua mashamba. Mambo ya maana, siyapuuzi. Kibarua aliyenyimwa posho alipata mahali pa kwenda kulalamika, na kwa wakati ule hilo halikuwa dogo.

Lakini fungua upande wa pili wa daftari. Mwaka wa 1912/13, miaka kadhaa baada ya amri yake, adhabu rasmi za viboko katika koloni hili zilipita 8,000, na hizo ni zile zilizoandikwa tu. Kodi ya kichwa ya rupia 3 iliendelea, ikiwa ndiyo fimbo isiyoonekana ya kumtoa mtu kwake akatafute kibarua. Utumwa wa majumbani haukufutwa. Kilichokuwapo ni amri ya kabla yake kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya 1905 wawe huru, na watumwa wengine walisubiri hadi Waingereza walipoupiga marufuku 1922. Na kule Wilhelmstal, Lushoto ya sasa, tangu mwaka uleule wa 1907, Msambaa alipewa kadi ya kazi: ndani ya miezi 4 lazima afanye siku 30 kwa mwajiri Mzungu kwa mshahara uliopangwa, na kila siku aliyofanya ikatiwa alama kwenye kadi. Asiyeijaza alipelekwa kazi za serikali. Dernburg alizungumza Berlin dhidi ya kazi ya kulazimishwa wakati kadi hizo ziko mifukoni mwa watu milimani. Mtetezi wetu? Hapana, mwalimu. Alikuwa mwendeshaji mzuri wa mali isiyokuwa yake.

Namtofautisha kidogo na Rathenau. Mwaka 1908 walikwenda pamoja Kusini Magharibi, na Rathenau katika ripoti yake akayaita yaliyotendewa Waherero ukatili mkubwa kuliko wote uliowahi kusababishwa na siasa za kijeshi za Wajerumani. Hiyo ilikuwa karatasi ya ndani, haikutangazwa kwa wananchi. Hata hivyo aliiandika, miaka minne tu baada ya amri ya von Trotha, na akaikabidhi kwa serikali yake.

Almasi ndizo zilizomwangusha Dernburg. Aprili 1908, karibu na mji wa Lüderitz kule Kusini Magharibi, kibarua wa reli aliyeitwa Zacharias Lewala aliokota jiwe linalong'aa akampa msimamizi wake, August Stauch. Mji ukajaa wachimbaji. Septemba mwaka huohuo Dernburg akafunga ukanda wa pwani ya Lüderitz hadi Mto Orange na kuukabidhi kwa kampuni ya Deutsche Kolonialgesellschaft, ambayo wenye hisa wake wakubwa walikuwa mabenki na matajiri wa Berlin. Mwaka 1909 mauzo yote yakapitishwa kwenye chombo kimoja. Kwa akili ya kibenki alikuwa na hoja: kila mtu akiuza ovyo, bei ya almasi itaanguka duniani kote. Walowezi waliona tu kwamba mwenye benki amewapa wenzake utajiri wao. Erzberger akarudi bungeni na makombora yaleyale aliyowahi kuwapiga Tippelskirch, na magazeti ya chuki yakamalizia kwa kutaja asili ya waziri. (Lewala, aliyeliokota jiwe lenyewe, hakupata chochote katika ugomvi wote huo.) Juni 1910 Dernburg akajiuzulu. Mrithi wake, von Lindequist, alikuwa rafiki wa walowezi, na Rechenberg naye akaondoka 1912.

Jambo moja la kipindi chake ningependa walimu wa Kiswahili walijue pia. Mwaka 1908 ilifunguliwa Hamburg taasisi ya kuwafundisha maofisa na wafanyabiashara wa makoloni, kwa msukumo wake na kwa fedha za mji ule wa wafanyabiashara. Mwaka uliofuata Carl Meinhof alikwenda kufundisha lugha za Kiafrika pale, Kiswahili kikiwamo. Taasisi hiyo ndiyo iliyokuwa mzizi wa Chuo Kikuu cha Hamburg, kilichoanzishwa 1919, ambako Kiswahili kinasomwa hadi leo.

Maisha yake ya baadaye nayapitia haraka. Vita vya 1914 vilipoanza alipelekwa New York kuitetea Ujerumani mbele ya Wamarekani. Mei 1915 nyambizi ya Kijerumani iliizamisha meli ya Lusitania, watu 1,198 wakafa, naye akasimama hadharani kulihalalisha tendo hilo. Wamarekani walichukizwa mno, akalazimika kuondoka. Baada ya vita alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha Wademokrasia, na Aprili 1919 akawa Waziri wa Fedha wa jamhuri mpya na makamu wa kansela. Alidumu miezi michache. Baraza lile la mawaziri, lililoongozwa na Scheidemann, lilijiuzulu Juni kwa kukataa kutia saini Mkataba wa Versailles, mkataba uliowanyang'anya Wajerumani makoloni yote: Tanganyika ikaenda kwa Waingereza, Rwanda na Burundi kwa Wabelgiji, na pembe ya Kionga kusini mwa Ruvuma kwa Wareno. Kuanzia 1920 hadi 1930 alikuwa mbunge. Benki yake ya zamani, ikiwa imeungana na nyingine na kuitwa Danat-Bank, ilifunga milango Julai 1931, na kuanguka kwake kuliutikisa uchumi wote wa Ujerumani.

Sasa lile la Hitler. Nadhani wanafunzi wako wamechanganya watu wawili. Aliyeuawa ni Rathenau. Akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, asubuhi ya 24 Juni 1922, vijana wa kundi la siri la mrengo wa kulia walimpiga risasi ndani ya gari lake Berlin, baada ya miezi mingi ya nyimbo na maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi. Wakati huo Hitler alikuwa bado kiongozi wa chama kidogo cha Munich. Dernburg hakuuawa. Aliishi hadi akawaona Wanazi wakitawala, na mwaka 1935 zikatoka sheria za Nürnberg zilizomhesabu mtu kwa idadi ya babu na bibi zake waliokuwa Wayahudi, bila kujali nani alibatizwa na lini. Alifariki Berlin tarehe 14 Oktoba 1937, akiwa na umri wa miaka 72.